Kabla Hawajaufukia Mfongo

Somo la Siasa lilipofutwa kwenye ratiba, Mwalimu Yuditha alikuwa amelifundisha kwa miaka kumi na saba katika shule ya sekondari huko Uru. Mkuu wa shule alimpa muhtasari wa somo jipya la Uraia, kurasa chache zilizopigwa chapa kwa haraka, akamwambia, "Ni yale yale, mwalimu, ila sasa vyama ni vingi."

Yuditha alijua si yale yale. Kwa imani yake yote alikuwa amewaambia watoto wa watu kwamba mpango ukitungwa vizuri kule juu, huku chini mambo yatanyooka. Sasa ile mipango ilikuwa imekufa, maduka ya Moshi mjini yamefurika bidhaa, na yeye hakuwa na neno la kusimamia mbele ya ubao.

Aliyempa vitabu ni Padre Melkior, ambaye alikuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na kasha zima aliloachiwa na profesa wake mzee.

"Hawa ni wahafidhina," padre alisema. "Waliandika baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakati wasomi wengi wa kwao wakiamini serikali itamaliza kila shida. Miaka yote uliyofundisha Siasa, hawa walikuwa upande wa pili wa meza."

"Basi nitawasoma ili niwajibu," Yuditha alisema, akalibeba kasha kichwani.

Akawasoma kweli, kamusi mkononi, kila alasiri baada ya kumkatia ng'ombe majani. Alitarajia kukuta sauti moja, akakuta watu wanaogombana wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliapa kwa soko: mwache mtu auze na anunue, kwani hakuna ofisi iwezayo kujua kinachopungua katika kila jiko. Wengine waliliogopa hata hilo soko, wakisema likiachwa peke yake litang'oa ukoo na parokia sawasawa na serikali. Hawa wa pili ndio waliomkosesha amani. Walidai kwamba jamii haikuanza jana. Kwamba kati ya mtu na serikali kuna vyama vidogo vya majirani, na vikivunjwa, mtu anabaki uchi. Tena walidai kuwa anayetaka kubomoa kitu cha zamani ndiye mwenye mzigo wa kujieleza, wala si yule aliyekikuta.

Yuditha aliandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Na kama kitu chenyewe ni dhuluma?" Akageuza kurasa nyingi kutafuta jibu. Yaliyokuwapo hayakumridhisha.

Alikuwa hajayamaliza yale makasheshe ya vitabuni, mradi wa maji ukafika kijijini. Mhandisi wake alikuwa Stanley, kijana mtaratibu mwenyeji wa Himo. Kwenye mkutano mbele ya ofisi ya kata alitandaza ramani, akaeleza kwamba bomba litaletwa, kila kitongoji kitapata kilula, bomba la pamoja la kuchotea, na kamati itakayosimamia maji itakaa mjini.

"Ila mfongo wenu itabidi ufungwe," akasema. "Chanzo ni kimoja, na nimepima mwenyewe. Nusu ya maji yanapotelea njiani."

Watu wakaguna. Mfongo ule ulikuwa mfereji uliochimbwa kwa mikono na mababu, ukitoa maji ukingoni mwa msitu na kuyateremsha kwenye vihamba vyote, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Mzee Kalisti, mwenyekiti wa baraza la mfongo na baba mkwe wa Yuditha, alisimama akiegemea fimbo.

"Mfongo ni wa babu zetu," alisema. "Nimemaliza."

"Babu zetu walikwenda Mombasa kwa miguu, mzee wangu," Stanley alijibu kwa upole. "Mbona leo tunapanda basi?"

Mkutano mzima ukacheka, na Kalisti akakaa chini. Diwani akatangaza kwamba baada ya wiki tatu watapiga kura ya mikono.

Yuditha hakucheka. Katika ile sauti ya upole, yenye uhakika wote, alijisikia yeye mwenyewe akiwa na miaka ishirini na mitano. Kijana hakuwa mwongo wala mwizi. Alikuwa na ramani tu, kama yeye alivyokuwa na muhtasari. Na wazee walikuwa na kitu wasichoweza kukieleza. Njiani kurudi nyumbani akaazimia: kabla hawajaufukia mfongo, mtu mmoja lazima ajue unafanya kazi gani.

Jumamosi iliyofuata akafunga kanga kiunoni, akachukua daftari, akaufuata mfongo kuanzia chini. Alihesabu vihamba mia mbili na kumi na viwili. Aliandika zamu: siku ya ukoo huu na siku ya ukoo ule. Alikuta koo mbili zilizoshtakiana mahakamani kwa ajili ya mpaka, ambazo hazisalimiani hata kanisani, lakini siku ya kusafisha mfereji husimama bega kwa bega, kwa sababu kihamba kisicholeta jembe hakipewi zamu.

Katika kitongoji cha chini akamkuta Dominika, mjane mwenzake, akikinga ndoo kwenye chemchemi.

"Chemchemi hii ilishawahi kukauka?" alimwuliza.

"Mara moja," Dominika alisema. "Mwaka ule mafuriko yalipobomoa mfongo huko juu. Wiki mbili tu, tukabaki kulamba mawe."

Yuditha akasimama pale akiwa ameshika kalamu. Kumbe maji yaliyopotea kwenye hesabu za Stanley yalikuwa hayajapotea. Yalizama ardhini, yakatokea kwenye ndoo ya Dominika.

Kilichobaki ni banio, pale maji yanapotolewa mtoni. Mwanamke hakuruhusiwa kufika huko. Alilijua hilo tangu alipoolewa. Alisita kidogo, akapanda. Alipima upana wa banio kwa hatua zake, akaandika, na alipogeuka akawaona wanaume wawili wa baraza wakimtazama kutoka ng'ambo.

Jioni ile ile Mzee Kalisti alikuja hadi mlangoni, asiingie.

"Mkamwana, umekanyaga pasipokanyagwa," alisema. "Baraza halitapokea neno lako. Hata hilo daftari lako hatulitaki."

"Baba, mna wiki mbili tu. Mtakwenda kusema nini pale?"

"Tutasema tulichosema." Akaondoka.

Kesho yake baada ya misa Yuditha alimkabili Padre Melkior nyuma ya sakristia. "Watu wako wa Marekani wananiambia nitetee baraza linalonifukuza!"

Padre hakutabasamu. "Walilikwaa jiwe hilo hilo. Kwao watu weusi walipodai haki zao, baadhi yao walisema mila isiharakishwe."

"Nimesoma. Nilikasirika hadi nikavunja risasi ya kalamu."

"Basi rudisha vitabu."

"Sirudishi," Yuditha alisema. "Waliona kitu cha kweli, wakakitumia kumfungia mtu mlango. Kosa la kufunga mlango ni lao. Kile walichokiona bado kipo."

Usiku huo hakufungua kitabu chochote. Alikuwa na jibu lililokuwa likiota kwenye mpaka wa kihamba chake mwenyewe. Kulipopambazuka alikata jani la isale, akalifunga fundo kama bibi yake alivyomfundisha, akamfunga mbuzi kamba, akaelekea uwanja wa baraza.

Wazee saba walikuwa wameketi na kata ya mbege, pombe ya ndizi, katikati. Walipomwona, wawili wakainuka kumzuia. Kisha wakaona jani mkononi mwake, wakasimama pale pale. Kwa Wachagga, anayekuja na isale kuomba msamaha hafukuzwi, hata awe amemwaga damu.

Yuditha akapiga magoti, akamkabidhi Mzee Kalisti lile jani kwa mikono miwili.

"Nilifika kwenye banio bila ruhusa. Naomba radhi, na mbuzi wa faini ni huyu. Sasa nisikilizeni."

Wakamsikiliza. Aliwasomea vihamba, zamu, koo mbili zenye kesi, na chemchemi ya Dominika. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa mshangao. Alikuwa amesafisha mfongo miaka hamsini bila kujua kwamba ndio unaolisha chemchemi ya chini. Kisha Yuditha akasema lililobaki.

"Wanaochota maji waingie katika baraza hili. Wanawake wawili, kwa kuanzia."

Kelele zikalipuka. Kalisti akainua fimbo, zikatulia.

"Kama mila yetu ni nzuri kiasi hicho," alimwuliza polepole, "mbona unataka kuibadili?"

"Kwa sababu nataka mwakani niikute, baba. Waliocheka mkutanoni siku ile ni nusu ya kijiji, na wengi wao ni wanawake. Mnataka wautetee mfongo ambao hamjawahi kuwauliza habari zake?"

Mzee aliligeuza lile jani vidoleni. "Babu yangu alilihamisha banio mara mbili," alisema, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe. "Mto ulipohama, naye alihama. Kama angeng'ang'ania pale pale, tungekunywa mchanga." Akawatazama wenzake. "Mwacheni aende akaseme."

Wawili walinyanyuka wakaondoka kwa hasira. Watano walibaki.

Siku ya kura Yuditha hakutoa hotuba. Alimwuliza Stanley maswali.

"Mhandisi, kiangazi cha Januari, migomba itanyweshwa na nini?"

Stanley alifunua makaratasi, akayafunua tena. "Hesabu ni ya maji ya nyumbani tu, mwalimu. Ya mashamba... hayakuombwa."

"Na chemchemi ya chini?"

Safari hii Dominika ndiye aliyesimama kueleza, bila kuitwa. Stanley alimsikiliza hadi mwisho, akaandika, kisha akasema jambo lililompa heshima kijijini hadi leo: "Hilo sikulijua. Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Bomba tunalitaka," Yuditha alisema akiwageukia watu. "Mfongo usiguswe. Na kamati ya maji ikae hapa, tuonane nayo uso kwa uso."

Mikono ikainuka kama shamba la mahindi.

Haikuwa ushindi wa kila kitu. Bomba lilichelewa mwaka mzima, likaja na vilula vinne badala ya saba. Kamati iligawanywa, nusu mjini na nusu Uru. Wale wazee wawili hawakurudi barazani. Bei ya kahawa iliendelea kuanguka, na vijana waliendelea kuteremka kutafuta maisha kwingine. Kwa hilo wahafidhina hawakumpa dawa, na soko lao halikuwa na huruma.

Lakini siku ya kusafisha mfongo, kabla ya mvua za masika, Yuditha na Dominika, wanawake wawili wa kwanza wa baraza, walifika na majembe yao. Mzee Kalisti alikuwa akipima kwa fimbo, kila mtu na kipande chake. Hakuwapendelea. Aliwapa ule mteremko wenye mizizi ya mringaringa, unaokwepwa na wanaume wenyewe.

"Kina cha magoti," alisema. "Nitakuja kukagua."

Yuditha akavua viatu, akashuka ndani ya maji.