Mkono wa Pole Ng'ambo ya Mto

Jumamosi ile asubuhi Thacienne alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari-nyumba, akimchana nywele Bibi Rukhsana. Gari lilikuwa la kukodi, lenye vitanda, jiko na choo chake. Bwana Amyn, mwana wa Bibi, alikuwa amelitoa Unionville, kaskazini mwa Toronto, kwa mwendo wa kinyonga, akaliegesha kwenye kambi hii ya watalii yenye miti, karibu na mto ulio mpaka wa Amerika. Chai ilikuwa na tangawizi ya kutosha, na mbu walikuwa bado hawajaamka.

Siku hiyo familia ilikuwa inavuka kwenda Buffalo kununua mashuka na viatu, na kurudi jioni. Thacienne hakuweza kuvuka. Alikuwa mkimbizi kutoka Bujumbura, kesi yake ilikuwa inangoja kusikilizwa, na mtu kama yeye akitoka kabla ya kusikilizwa, kurudi ndani ni bahati nasibu.

"Sasa Mama nani atamlisha?" aliuliza Zarina, mke wa Amyn. "Nani atamfunga vifungo? Mimi nitakuwa dukani."

Mikono ya Bibi ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka juzi. Bibi akasema, "Binti, niazime mikono yako."

Ndivyo alivyosema kila siku nyumbani, akitaka kumenyewa chungwa au kuvalishwa soksi. Leo hapakuwa na njia nyingine. Thacienne aliweka kitana chini, akashika kifundo cha mkono wake wa kushoto, akauvua taratibu kama mtu avuavyo soksi iliyolowa. Wa kulia alivuliwa na Zarina. Haikutoka damu.

"Msiiweke juani," Thacienne alisema. "Na nakuomba, dada Zarina, mpitieni Spéciose kwanza, maduka baadaye. Jioni anaingia kazini."

Spéciose alikuwa dada yake, anaishi Buffalo. Mumewe, Bonaventure, alifariki mwezi wa tatu, akazikwa theluji ikianguka. Thacienne alimpa pole kwa simu. "Pole ya simu nimeisikia," Spéciose alimjibu. "Mkono wa pole sijaupata." Kwao, aliyefiwa hupewa mkono na nduguye, kiganja kwa kiganja, na kabla ya hapo hawana mazungumzo mengine. Tangu siku hiyo Thacienne akipiga simu, Spéciose husema nipo, mzima, kisha hukata.

"Tutaona foleni," Zarina alisema, akaifunga mikono kwenye taulo safi.

Bwana Amyn hakuwa amekuja na gari jingine, kwa hiyo nyumba nzima iliondoka kwenda Amerika. Vitanda vilivuka, jiko likavuka, hata choo kilivuka. Thacienne alibaki kwenye benchi.

Bibi alisimulia baadaye kwamba darajani ofisa alichungulia dirishani, akauliza mikono ile ni ya nani.

"Ya msaidizi wa mama yangu," Amyn alisema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kambini. Hana karatasi."

"Mikono inakuja kuhamia?"

"Inakuja kumlisha mama tu. Jioni inarudi."

Ofisa akachukua machungwa, maana matunda yalikuwa hayaruhusiwi, akawatakia safari njema.

Kule kambini Thacienne alihisi yote ambayo mikono yake iligusa. Alihisi kijiko, kidevu cha Bibi, vifungo vya sweta. Kisha ikaja mifuko, mifuko, na mifuko tena. Jirani, mama wa Kizungu aliyevaa kaptura, alimwona hana mikono, akamletea chai na mrija.

"Mbu wa mwaka huu ni wabaya," mama yule alisema, akamuulia mmoja shavuni, akarudi kukaanga soseji zake.

Jua likapita juu ya miti. Mikono ilikuwa bado inabeba: mashuka, viatu, sufuria yenye mfuniko. Spéciose alikuwa karibu kuingia kazini. "Hawa wakiona bei imeshushwa hawamkumbuki hata aliyewazaa," Thacienne aliwaza.

Ndipo mikono ikatulia. Iliwekwa juu ya kitu kigumu chenye joto, labda boneti la gari. Kiganja kikaja juu ya kiganja chake cha kulia. Alikijua kwa kovu la kisu cha mihogo kwenye kidole cha shahada. Kilikuwa kimekauka, kimekwaruzwa na sabuni za hotelini. Kikabana.

"Pole, dada yangu," Thacienne alisema pale kwenye benchi. "Pole sana. Mungu amlaze pema."

Mikono haina mdomo, lakini ilijua kazi yake, nayo ikabana. Kisha Spéciose akauinua wa kushoto, akauweka usoni pake. Ukaloa. Wakakaa hivyo mpaka mtu wa nyuma akapiga honi.

Nyumba ilirudi kabla ya giza. Bibi alishushwa na taulo lake mapajani.

"Tumemkuta mlangoni pa hoteli, amekwisha vaa sare," Bibi alisema. "Kasema mkono ameupata. Kasema umekonda vidole kama njiti za kiberiti, wanakulisha nini huko? Na kesho umpigie, ana maneno mengi."

Thacienne alicheka mpaka akaegemea gari.

Zarina alimvisha mikono. Wa kushoto aliuweka kulia, ikabidi waanze upya.

"Imefanya kazi vizuri sana," Zarina alisema. "Mwaka ujao utuazime na miguu. Mama amechoka kusukumwa kwenye kiti."

"Mwaka ujao labda nitakuwa nimesikilizwa, dada. Nitavuka mzima mzima."

"Inshallah," Zarina alisema. "Lakini miguu tuiweke akilini."

Thacienne akaingia jikoni kupika. Mkono mtupu haulambwi, husemwa. Aliulamba wa kushoto, akakuta chumvi. Akaosha mchele kwa mkono wa kulia peke yake.