Upande wa Kulia Juu

Nilichagua kozi ya historia ya utamaduni wa Japani kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wachache, na mimi kwenye darasa kubwa hata jina langu hulitaja kwa kunong'ona. Mwenzangu wa chumba, tuliyemwita Kifimbo kwa wembamba wake, akanifuata. Mama yake alikuwa amefariki mwanzoni mwa muhula, na tangu hapo hakutaka kubaki peke yake hata kwa muda wa kupiga mswaki.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kumvika mwenzako kimono, lile vazi refu lisilo na vifungo. Mwalimu alikuwa ametukumbusha hadi tukachoka: upande wa kushoto hulalia juu ya ule wa kulia. Ukigeuza, umemvika mtu kama maiti.

Mazoezi nilikuwa nimeyafanya kwa kujivika mwenyewe. Siku ile nilisimama nyuma ya pazia la darasa, uso kwa uso na Kifimbo, nikaiacha mikono ifuate mazoea yake.

"Taratibu, shoga," akasema nilipokaza mkanda. "Mchana nataka kula. Chakula kitapita wapi?"

Nikacheka. Yeye kicheko chake kilikatika katikati, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Mikono yako ina baridi," akasema.

"Ipi? Yote miwili iko kiunoni kwako."

"Hii inayonitengeneza kola."

Mara mwalimu akatuita. Tukatoka. Akanitazama, kalamu mkononi.

"Haya binti, tuone ulivyomvika. Mwenzako yuko wapi?"

Nilidhani ananitania. Kifimbo alikuwa amesimama mbele yake, karibu kabisa.

"Katoroka huyo, mwalimu," akadakia kijana wa kiti cha mbele. "Njaa imemzidi."

Darasa zima likacheka, macho yote mlangoni. Hapo ndipo nilipotazama kifua cha Kifimbo. Upande wa kulia ulikuwa juu. Nilikuwa nimemvika kama ninavyojivika, nikasahau kwamba ananielekea, kwa hiyo kila kitu kiligeuka.

Nikamrudisha nyuma ya pazia na kuanza kufungua mkanda. Akanidaka kiwiko.

"Usifungue."

"Nimekosea, Kifimbo. Hawakuoni!"

"Najua." Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote tangu msiba. "Mama yuko nyuma yangu. Ananinyoosha kola kama alivyokuwa akifanya nikienda shule. Niache naye kidogo."

Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Lakini kunjo moja la kola lilikuwa likijinyoosha polepole, kama linalopitiwa na kidole gumba.

Mimi ni mtu wa kushindwa kusema hapana. Nilimwonea huruma hadi vidole vikagoma. Kisha nikautazama mkono wake ulionishika. Niliuona vizuri, ila ngozi yangu haikuusikia tena.

"Shikamoo, mama," nikauambia ukuta, maana sikujua pengine pa kuanzia. "Nisamehe. Bado namhitaji."

Nikavuta fundo. Vazi likaporomoka miguuni, na Kifimbo akapiga ukelele ulionipenya hadi mifupani. Mwalimu akafunua pazia.

"Kumbe mko wote huku! Kuna nini tena?"

Tulisema amejichoma na pini.

Kwa siku nyingi Kifimbo hakunisemesha. Alilala ameelekea ukutani. Chai niliyomwekea ilipoa, nikaimwaga. Nilianza kufikiri kwamba nimemtoa kule nikamkosa huku. Kisha asubuhi moja akaja kuketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Ulipomwomba mama, ulisikia alivyokujibu?"

"Sikusikia kitu."

"Mimi nilisikia." Akajifuta pua kwa kiganja. "Alisema, 'Haya, mchukue.' Basi. Papo hapo. Mimi nilitaka akatae kwanza, hata mara moja tu."