Milango Miwili Myeupe

Baba yangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na akimaliza kazi yake huwezi kujua gari liligongwa wapi. Watu humwita Fundi Kioo. Kila mlango huumalizia kwa kuupapasa kwa kiganja huku amefumba macho, na ole wako umsemeshe kabla hajatabasamu.

Wiki ile askari walimletea milango miwili bila gari, imekwanguliwa rangi yote, imejaa matundu ya risasi. Gari la serikali, walisema, lilikutana na majambazi. Baba hakuuliza zaidi. Gereji yetu inapakana na kituo cha polisi, na mtaani kwetu anayeuliza maswali huishia kuhojiwa yeye. Akayaziba matundu kwa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi nyeupe. Tulipokuwa tunakula akajisifu: "Hata aliyeipiga risasi mwenyewe hawezi kukuonyesha alipopiga!" Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nifiwe na mume wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la mboga. Wauza unga walimtaka abebe mzigo wao chini ya kabichi, akakataa. Wakammiminia risasi mchana kweupe, watu wakiona, na watu hao hao walipoulizwa wakawa hawajaona kitu. Polisi waliandika kwamba aligonga mti. Nilipiga kelele ofisi hadi ofisi mpaka hakimu mmoja, mgeni ambaye alikuwa hajafundishwa kuogopa, akakubali kuja kituoni kuliangalia gari kwa macho yake. Matundu yale ndiyo yalikuwa shahidi wangu wa pekee. Niliyaona mwenyewe kabla hawajalifunika turubai. Wala sikuyahusisha na milango ya baba, maana kwetu magari yenye matundu hayaishi.

Siku yenyewe tukasimama uani kwa polisi: hakimu, mkuu wa kituo na mimi. Turubai likavuliwa. Mbele gari lilikuwa limebondeka, kama lililogonga mti kweli. Milango ilikuwa imepakwa tope zito.

"Matundu yako wapi, mama?" hakimu akauliza.

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikafuta tope. Nikapitisha kiganja. Palikuwa laini, laini kabisa, na macho yangu yakajifumba yenyewe. Ilikuwa kazi ya baba yangu.

"Marehemu alikuwa anajua kutunza gari," mkuu wa kituo akasema.

Ningeweza kusema. Sentensi moja tu: milango hii imetoka gereji kwetu. Lakini mkuu alikwisha kuniinamia sikioni, kwa upole kama mjomba. "Mzee wako ni fundi kweli kweli. Tukimpoteza itakuwa hasara. Msalimie."

Nikamwambia hakimu kwamba nimekosea.

Baba alikuwa ananingoja getini, mikono imejaa vumbi la msasa.

"Wameyaona, mwanangu?"

"Mkuu wa kituo anakusalimia, baba. Anasema milango imetoka vizuri."

Alitabasamu, maana sifa humlevya. Kisha tabasamu likamganda usoni. Akakaa juu ya tairi bovu, akavitazama viganja vyake.

"Walikuwa wameikwangua yote," akasema. "Ningeijuaje?"

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilimchukia, nikajichukia kwa kumchukia, na wale niliopaswa kuwachukia nilikuwa nimewaaga kwa heshima, nikasema asante afande.

Asubuhi iliyofuata askari wawili walileta mlango mwingine, umezungushiwa blanketi. Wakauegemeza getini, wakaondoka. Baba alifunua pembe moja. Ulikuwa mlango wa nyuma, una matundu matatu, na upande wa ndani, chini ya dirisha, mtoto alikuwa amebandika picha ya paka wa katuni.

Baba aliniangalia. Nadhani alikuwa anangoja nimkataze.

"Ni mzito huu," akasema mwishowe.

Nikashika upande wa pili, tukauingiza ndani.