Mihogo Kando ya Uwanja wa Ndege

Weye mama unayeanika mihogo kwenye uwanja wa ndege, sikiliza. Zamani uwanja ilikuwa udongo tu. Mulinzi alipiga filimbi, tukatosha mihogo na kuiweka kando, ndege ikashuka, tukaanika tena. Sasa wameweka lami, wameirefusha, ndege zinakuja kila siku, na filimbi haiko tena.

Juzi nilimutuma binti yangu Vahwere kule kuanua mihogo, miye nikabaki pembeni. Ndege ikatokea. Nikapiga kelele: «Kimbia!» Akakimbia, halafu akarudilia kitunga, kile kikapu cha mihogo! Akaruka mu majani, ndege ikapita.

«Mama, si weye ulisema nisipoteze kitunga?» akaniuliza, anacheka. Miye nilikusanya mihogo yote, tukarudi nyumbani.

Leo mihogo inakauka muzuri juu ya mabati yetu. Na Vahwere akipoteza kitunga, sitamugombeza.