Shemeji Anayepuliza Visogo

Mume wangu alikuwa kinyozi, na pacha wake dereva wa watu ambao mchana huwaoni. Dereva alipowauza kwa polisi, alikimbilia saluni yetu, akamvisha ndugu yake koti lake la ngozi, mwenyewe akavaa koti jeupe la kazi na kutokea mlango wa nyuma. Gari likamgonga uchochoroni, likarudi kinyumenyume kuhakikisha. Majirani wakaona koti jeupe, wakaangua kilio: kinyozi kafa.

Mume wangu angeweza kusema yeye ndiye kinyozi. Lakini mfukoni mwa lile koti la ngozi zilikuwamo funguo za gari, na za nyumba ya ghorofani isiyo na mke. Akanyamaza. Watu wakampa pole kwa kufiwa, naye akazipokea zote.

Mimi nililia kwa dhati, hadi matangani. Mjomba wao alikuwa ameinama kitini, "shemeji" akasimama nyuma yake kumfariji. Akamkunja sikio kwa kidole, akampuliza kisogoni, fuu, kama anayeondoa nywele. Machozi yalinikauka palepale. Niliona uchungu, kisha hasira, na hasira ikabaki. Njia ya mwongo ni fupi. Nikaketi nimngojee mwishoni.

Akatamba mjini na gari la marehemu. Kumbe na wauaji wana macho: walimwona mtu waliyemuua akiwapigia honi.

Asubuhi moja nafagia saluni, akaingia mbio kwa mlango wa nyuma, koti limechanika begani, mguuni kiatu kimoja. Alikuwa ameruka dirishani kwake, akakimbia juu ya mabati ya watu, risasi zikitoboa matangi ya maji nyuma yake. Hajapata hata kuhema, jibaba moja likaingia kwa mlango wa mbele na bastola mkononi, likashusha pazia.

"Mimi ni kinyozi," mume wangu akasema, meno yakigongana. "Muulize mke wangu."

Jibaba likanigeukia. Nilimtazama mume wangu kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Maneno matupu hayavunji mfupa," nikasema. "Kaa, akunyoe."

Likakaa, bastola pajani chini ya kitambaa cha kunyolea. Ajabu ni kwamba mikono ya mume wangu iliposhika wembe ilitulia. Akanyoa ndevu, akachonga kisogo, akakunja sikio, akapuliza. Jibaba likajipapasa shingo, likajitazama kwenye kioo, likapendezwa. Likaniuliza kwa mara ya mwisho kama kweli huyu ni mume wangu. Nikajibu ndiye, na dunia nzima haina mvivu mwingine kama yeye. Basi likaelewa kwamba kazi yake ilikwisha siku ile uchochoroni, likaondoka zake bila kulipa.

Mume wangu alipiga magoti, akalia, akaniita majina ambayo sijayasikia tangu uchumba. Kisha akajifuta kamasi na kunyoosha mkono kulitungua koti jeupe msumarini.

Nilimwahi. Koti lile nililifua damu kwa mikono yangu, nikiamini ni yake.

"Mume wangu nimeshamzika, shemeji," nikamwambia. "Ukitoka, rudishia mlango."