Ujumbe Uliochelewa Kuvuka

Vijiti vya kijani vilikuwa vikipanda na kushuka kwenye skrini, virefu kwa vifupi, kama nyasi zinazochezewa na upepo. Florentin alijua maana yake: ndani ya kompyuta mtu alikuwa anazungumza. Lakini hakuvitazama sana vijiti. Aliutazama uso wa mama aliyeketi mbele yake, mikono juu ya magoti, ushungi ameusogeza nyuma ya sikio ili pasiwe na kizuizi. Uso ule haukukunjamana wala haukukunjuka. Ulikuwa unangoja tu.

"Ameanza?" aliuliza Mwanahamisi.

Florentin aliliona neno midomoni mwake kabla halijamfikia, na lilipomfikia lilikuwa dogo, kama limepita ukutani.

"Bado, mama. Subiri kidogo," akasema, akaisimamisha rekodi.

Asubuhi hiyo Mwanahamisi alikuwa amevuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, kisha akapanda pikipiki hadi kituo hiki kidogo cha redio, hapa Kasuku, mjini Kindu. Alikuja kumsikia mume wake. Katika miaka ya vita, wenye bunduki walipoufunga mto na ndugu wa kando mbili wakawa wanaonana kwa mbali tu kama vivuli, redio ndiyo ilikuwa kivuko. Watu walijipanga uani, wakaingia mmoja mmoja, wakasema mbele ya mikrofoni: mimi fulani, niko hai, msinililie. Hamadi, fundi cherehani wa sokoni, alikuwa miongoni mwao. Mke wake alikuwa amekwenda Alunguli kumuuguza mama yake, mwenyewe akiwa mjamzito, njia ikafungwa nyuma yake. Hamadi alisema aliyokuwa nayo, akaenda zake. Kabla ujumbe wake haujarushwa, watu wenye silaha waliingia kituoni, wakang'oa mtambo, wakaondoka nao. Muda si mrefu Hamadi mwenyewe alikamatwa, akabebeshwa masanduku ya risasi kwenye barabara ya Kalima. Hakuna aliyemwona tena.

Kanda ziliokoka. Mama Françoise, mkurugenzi wa siku zile, alizitia katika gunia la mpunga akatembea nazo hadi kwao Pangi, na huko zikalala darini miaka yote, hata vita vilipokwisha, hata yeye mwenyewe alipofariki. Mwaka huu jamaa zake walilileta gunia. Florentin ndiye aliyezihamishia kanda kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na Béatrice, msimamizi wa vipindi, ndiye aliyezisikiliza na kuandika nani amesema nini. Alipofika kwa Hamadi alianza kuuliza huku na huku kama kuna anayemfahamu mjane wake. Siku hiyo kompyuta ilikuwa ikisema vizuri. Baadaye radi iliua skrini ya zamani, ikaletwa mpya, na tangu hapo hakuna aliyekuwa ameicheza sauti yoyote.

"Mama, kaa kwanza pale barazani upate hewa," alisema Florentin. "Nikimaliza kuitengeneza nitakuita."

Mwanahamisi alinyanyuka, akatoka. Béatrice alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kuhoji watu sokoni. Florentin akabaki peke yake na mashine, kama alivyotaka.

Lipo jambo ambalo hakuna mtu kituoni aliyelijua. Baadaye katika vita vile, mwaka mji ulipozingirwa, kombora lilianguka karibu na stesheni ya treni, na Florentin aliamka kwenye vumbi akiwa na sikio moja. La kulia lilibaki likifanya kazi ya mawili kwa miaka mingi, kisha nalo likachoka. Kwanza ziliondoka sauti za ndege. Ikafuata mvua juu ya mabati, ukaondoka mvumo wa redio kati ya kituo na kituo, na mwishowe watoto wake wakawa wanafungua midomo mezani na yeye anacheka wanapocheka. Alijifunza kusoma midomo. Alijifunza kuamini vijiti vya kijani, ambavyo havizeeki. Fundi wa sauti asiyesikia: nani angemwacha kwenye kiti kile? Na akitoka pale, angekuwa nani?

Sasa vijiti vilikuwa vinamdanganya. Vilionyesha sauti inapita, na sauti haitoki.

Aliinama nyuma ya kompyuta. Waya wa spika ulikuwa umekaa katika tundu lake, taa ndogo ya spika inawaka. Kompyuta ilikuwa ya mfumo wa Linux, kwani mfumo wa kwanza uliliwa na virusi hadi mifupa, na Florentin aliizoea: ukiiuliza vizuri hujibu, ila haibembelezi mtu. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaita ubao wa viwango vya sauti. Nguzo zilijipanga. Chini ya nguzo kuu kulikuwa na alama ya kuzibwa. Akaizibua, akapandisha hadi juu, akaamuru spika zitoe kelele ya majaribio. Akasikiliza. Hakuna kitu. Akaweka vidole juu ya spika. Zilikuwa spika ndogo za plastiki, nyepesi kama vibiriti, zisizoweza kumtikisa hata mbu.

Akauliza tena: una milango mingapi ya sauti? Kompyuta ikajibu kwamba ina miwili. Mmoja ulipitia waya wa skrini, mwingine ulipitia kadi yake ya sauti, kule spika zilikochomekwa. Na sauti yote ilikuwa inapelekwa kwenye skrini. Florentin nusura acheke. Skrini mpya haikuwa na spika; kumbe Hamadi alikuwa anasema na kioo. Akauelekeza mkondo kwenye kadi, akajaribu. Akasikiliza kwa sikio la kulia, shavu karibu liguse meza. Hakuna.

Labda ni lile tundu la mbele. Kaski ya kusikilizia ilikuwa imevunjikia humo, na unyevu wa masika umelitia kutu; huenda kadi ilidhani kaski bado imo, ikazinyamazisha spika kwa adabu. Akatafuta swichi ya unyamazishaji huo, akaifunga. Akajaribu tena. Hakuna. Basi si hilo, akajiambia, akaifungua swichi kama ilivyokuwa, akarudisha na mkondo kwenye skrini, ili aanze upya kama mtu aliyepotea msituni anavyorudi njia panda.

Aliponyanyua kichwa, Mwanahamisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbona umeizima?" aliuliza.

"Nimezima nini, mama?"

"Ile kelele. Ilikuwa ikisema shshsh. Nilidhani mvua inakuja, nikatazama juu, jua iko palepale. Nikajua njo mashine, si mvua. Halafu ukazima."

Florentin alimtazama. Alikuwa ameitengeneza. Ilikuwa imepona mikononi mwake, na kwa mikono ileile akairudisha kaburini, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba imepona. Ni vingapi alivyokuwa amevizima hivyo katika miaka hii, akidhani vimekufa? Akamkumbuka mwanawe wa mwisho, aliyeacha kumsimulia habari za shule, na yeye akafikiri ni ukubwa tu unamjia.

"Mama," alisema, "mimi sisikii."

Mwanahamisi hakushtuka. Alivuta kiti, akakaa mkabala naye mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni.

"Toka lini?"

"Toka vita. Pole pole, lakini toka vita."

"Na hapa wanajua?"

"Hapana."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Mwanahamisi, si kwa kumkaripia.

"Kifo bado, mama. Mimi nimeumbuliwa na kompyuta."

Mwanahamisi akacheka kidogo, na cheko lake likamwondolea Florentin kitu kizito kifuani, ingawa lilimfikia kama pumzi tu. "Basi wewe fanya kazi ya mikono," alisema akitamka kila neno taratibu, kama anayemwekea sahani moja moja. "Masikio nitakuwa mimi. Niambie nisikilize nini."

Wakaanza tena. Florentin aliuelekeza mkondo kwenye kadi ya sauti, akamtazama. Mwanahamisi akatikisa kichwa. Akaifunga ile swichi ya unyamazishaji, na kabla hajaondoa kidole, mkono wa Mwanahamisi ulikuwa juu.

"Njo hiyo. Mvua."

Akapunguza, naye mkono ukashuka, akapandisha, ukapanda. Akahifadhi mipangilio ile ili kompyuta isiisahau ikizimwa. Kisha hakukuwa na kingine cha kufanya. Alishika kipanya, akasita.

"Uko tayari, mama?"

Mwanahamisi alivuta ushungi, akaurudisha, akaweka viganja juu ya meza. Florentin akabonyeza.

Vijiti vilipanda. Florentin hakusikia lolote. Aliona tu jinsi kidevu cha mama yule kilivyoinuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina sokoni, na jinsi macho yake yalivyotafuta upande sauti inakotoka ilhali inatoka mbele yake.

"Njo yeye," alisema Mwanahamisi.

Siku ile ya kurekodi, Florentin alikuwa kijana mwenye masikio mawili mazima, ameketi umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Hamadi, na hakulisikiliza hata neno. Watu walikuwa wengi uani. Alitazama sindano ya mtambo, akahakikisha sauti haipasuki, akasema, "Anayefuata." Alikuwa amejaribu usiku kadhaa kuukumbuka uso wa fundi yule na hakuupata. Sasa alimwona mtu yule akipita usoni mwa mke wake.

"Anasema yuko mzima," Mwanahamisi alianza kumsimulia, bila kuombwa, akiegemea upande wake wa kulia. "Anasema nisijaribu kuvuka. Anasema chumvi hakuna mjini, lakini amejua kupika majani ya sombe bila chumvi, nikirudi nitamcheka." Akasikiliza, akafuta pua kwa ncha ya ushungi. "Cherehani ameificha kwa jirani. Sahani za mama yangu hajaziuza. Muongo huyu. Sahani niliambiwa ziliuzwa."

Akacheka na kulia kwa pamoja, wala hakujaribu kutenganisha kimoja na kingine.

"Sasa anasemaje?" aliuliza Florentin.

"Anasema kijana wa redio amemkalisha kwenye kiti kibovu, anaogopa kuanguka mbele ya mikrofoni na Kindu nzima isikie."

Florentin aliweka kiganja mdomoni. Kijana wa redio. Kiti kile alikikumbuka: mguu wake ulikuwa umefungwa kwa waya wa simu. Kutoka kwenye waya ule, kama kutoka kwenye uzi, akavuta mengine: mtu mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni, aliyeketi ukingoni mwa kiti na kumtazama kwa tabasamu la kumsamehe. Ndiye. Alikuwa amemwona.

Hakujua kwamba Béatrice amerudi mpaka alipoona macho ya Mwanahamisi yanatazama nyuma yake. Béatrice alikuwa amesimama mlangoni, mfuko begani, na kwa namna midomo yake ilivyokuwa imekaa, alikuwa ameshamwita zaidi ya mara moja.

Florentin angeweza kusema alikuwa amezama katika kazi. Neno hilo alilizoea. Lilikuwa likimtoka lenyewe.

"Béatrice," alisema, "ukinitaka nije, niguse bega. Ukiita kutoka huko nyuma, sikusikii."

Béatrice alimtazama yeye, akaitazama kompyuta, akamtazama mama aliyekuwa na machozi. Akaweka mfuko chini, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa ameshalihisi jambo na sasa amepewa ruhusa ya kulijua.

"Simamisha hapo," alisema Mwanahamisi ghafla, mkono juu.

Florentin akabonyeza. "Bado haijaisha, mama. Imebaki kidogo."

"Najua." Alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima. "Ameacha kusema na mimi. Ameanza kusema na mtoto. Ametaja tu, 'na wewe uliye tumboni,' nikakwambia usimamishe. Hayo si yangu. Mwenyewe yuko Kalima, anafundisha. Rachida, jina lake. Hajawahi kumsikia baba yake hata kikohozi."

"Tunaweza kumpelekea kwa simu," alisema Béatrice. "Leo hii."

"Hapana. Atakuja. Mtu akisema na mtoto wake, mtoto hukaa mbele yake."

Alitoka barazani kumpigia binti yake. Huko nje, mwenye pikipiki aliyekuwa akimngoja alizima injini ili mama azungumze. Béatrice alivuta kile kiti cha mgeni, akakizungusha hadi upande wa kulia wa Florentin, akaketi karibu.

"Nieleze, Papa Florentin," alisema, taratibu, uso wake kwenye mwanga. "Huwa unasikia nini, na nini husikii?"

Florentin alifikiri kwanza. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na jibu lenyewe alikuwa hajawahi kulipanga kwa maneno.

"Sauti nzito nzito nazipata, zikiwa karibu," alisema. "Wewe mwanzo wa neno nakupata, mwisho unanipotea. Ndege, hapana. Ndege waliondoka kitambo."

Béatrice akageuka dirishani, kana kwamba anahakikisha kama wapo.

"Wapo?" aliuliza Florentin.

"Wapo," alisema, akaanza kumwambia wanalia namna gani.