Hodi ya Vitufe Vitatu

Nyumba ya kina Jaffar pale Likoni haikuwa na chumba chenye kitasa kizima. Ilikuwa na mapazia. Na pazia, kwa watu wa nyumba ile, halikuwa kitu cha kumzuia mtu. Lilikuwa kitu cha kufutia mikono ukipita.

Kompyuta ya Mwanaima, mke wa ndugu yake Jaffar, ilikaa nyuma ya pazia kama hilo. Aliipata mwaka wa tisini na saba, kampuni ya mizigo aliyoifanyia kazi Changamwe ilipofunga milango na wafanyakazi wakaambiwa kila mtu ajibebee kitu. Nyambura wa uhasibu alibeba feni. Mwanaima alibeba kompyuta, na juu yake boksi la mfumo wa seva, lenye sidii yake na kitabu kinene kama tofali. Hakuna mwingine aliyelitaka.

"Hilo la nini, dada?" Nyambura alimcheka. "Seva ni ya ofisi yenye watu mia. Wewe nyumbani una matawi mangapi?"

"Usinihesabie matawi. Nishikie mlango."

Boksi likakaa juu ya kabati, likaliwa na vumbi, mpaka siku ya aibu.

Mwanaima ndiye aliyepiga taipu mtihani wa pamoja wa madrasa za Likoni. Maswali ya Kiswahili aliyaandika yeye; penye aya aliacha nafasi, na Maalim Mwinyihaji, mkuu wa kamati, akajaza kwa mkono wake. Karatasi zile zilikuwa amana, na Mwanaima hakuwa mtu wa kuchezea amana. Lakini mara ya kwanza alipoandika swali la udhu alikosea. Badala ya "Taja faradhi sita" aliandika "Taja faradhi saba." Maalim akaliona kosa, likasahihishwa, mtihani ukatoka na sita.

Majibu yaliporudi, watoto wa mtaa wake mzima walikuwa wametaja saba. Faki, mtoto wa Jaffar, ndiye aliyeitunga ile ya mwisho, na wenzake wakainakili: kukausha miguu ili usiteleze.

"Mwanaima," Maalim aliita kutoka barazani.

"Abee, Maalim."

"Watoto wamejibu swali ambalo hatukuwauliza."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mfumo wa zamani wa kompyuta ile uliuliza neno la siri kwa heshima zote, lakini ukibonyeza kitufe cha pembeni cha kukataa, unakufungulia hivyo hivyo. Ulikuwa sawa na bawabu anayekuuliza jina lako, ukinyamaza anakwambia basi pita. Faki alipita, akaisoma nakala ya kwanza iliyobaki humo na kosa lake, akawatangazia wenzake.

Kamati ikakata shauri. Mwanaima atapewa mtihani mmoja zaidi. Ukivuja, kazi itakwenda kwa Ghalib, mwenye duka la kompyuta karibu na feri, na Mwanaima hatagusa karatasi ya madrasa tena. Mumewe, Awadh, alikuwa baharini na meli. Hapakuwa na wa kumtetea. Wala hakumtafuta.

Alilishusha boksi. Diploma yake ya uhazili haikumfundisha seva, ila ilimfundisha kusoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Alipomaliza kuutia mfumo ule, kompyuta ilikuwa kiumbe kingine. Ilichelewa kuamka hata ungeweza kwenda kupika chai ukarudi. Haikutoa sauti. Michezo ya watoto iligoma. Na haikuzungumza na mtu mpaka abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, aseme ni nani, kisha atoe neno lake.

Nyumba ikalalama. Jaffar, shemeji yake, mkubwa wa nyumba na mjumbe wa kamati, akaingia bila kugonga chochote.

"Hii ndiyo nini tena? Nyumba hii haijapata kufungiana."

"Imepata kuaibika, lakini."

"Ya watoto hayo."

"Watoto wameona mlango wazi, shemeji. Nimeufunga. Nimempa kila mtu jina lake na chumba chake humu ndani, na wewe una chako. Ingia uandike barua zako. Kwangu huingii."

"Nipe neno la siri. Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Wewe ni mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa hii mashine ni mimi."

"Wataka kuniwekea mpaka ndani ya nyumba ya babangu?"

"Mpaka ni huu hapa," alisema, akaonyesha kioo. "Nje yake yote ni yako."

Jaffar alikwenda moja kwa moja kwa Maalim, akaapa wallahi kwamba yule mwanamke anacheza na mtihani wa watu. Jumamosi, baada ya alasiri, akaja na Maalim mwenyewe, na Ghalib nyuma yao, kalamu mbili mfukoni.

Ghalib aliiangalia kompyuta, akacheka mpaka akashika kiti. "Bi Mwanaima! Seva nyumbani? Umetia injini ya feri kwenye mtumbwi."

"Basi usinipigie makasia ya maneno. Unaweza kuingia au huwezi?"

"Mimi? Dakika moja tu. Maalim ashuhudie."

"Na ukishindwa?"

"Siwezi kushindwa."

"Ukishindwa, hutaitaka tena kazi hii. Useme mbele yake."

Ghalib akasema, kwa madaha, akaketi. Alibonyeza kile kitufe cha kukataa alichokizoea. Kioo kikamtazama tu. Akabonyeza vitatu, akaandika jina la Mwanaima, kisha akajaribu neno: jina la mumewe. Halikukubali. Akajaribu jina la bintiye, Salme. Halikukubali. Akafikiri, akapangusa kidole kwenye shati, akaandika Likoni.

Kompyuta ikamwambia kwamba jina hilo sasa limefungwa.

"Imenifungia!"

"Nimeiamuru hivyo. Hodi tatu."

Jaffar akasema, "Hebu itie ile disketi yako ya kufungulia."

Ghalib akazima kila kitu, akachomeka disketi yake, akaiwasha kwa njia ya uani. Akauliza vilivyomo ndani. Mashine ikajibu kwamba haioni chochote humo. Akauliza tena kwa maneno mengine. Haioni chochote.

"Imeandikwa kwa namna ambayo disketi yangu haiisomi," alisema taratibu. Kisha akachangamka. "Lakini naweza kuifuta yote. Nianze upya."

"Alaa," Mwanaima akasema. "Mwizi akishindwa kuingia, aichome nyumba? Huko ndiko kufungua?"

Maalim alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Akamgeukia Jaffar.

"Tumefundishwa nini, mjumbe wangu? Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa?"

Jaffar akatazama mikeka.

"Asipojibiwa, Jaffar?"

"Arudi."

"Arudi. Nimesomesha adabu hii miaka mingi, na mwanafunzi wa kwanza kuishika barabara ni huyu wa Mwanaima, naye hana hata masikio." Akainuka, akatafuta viatu vyake. "Mtihani unabaki hapa. Ghalib, twende, usije ukachelewa feri."

"Maalim, mimi nilikuwa natania tu..."

"Twende, baba."

Mtihani ukapigwa taipu, ukafunguliwa siku yake, ukasahihishwa. Safari hii kila mtoto alikosea kivyake, hapakuwa na wawili waliokosea sawasawa. Faki alitaja faradhi nne za udhu. Zilikuwa chache, lakini zilikuwa zake mwenyewe, na Mwanaima akamsifu kwa hizo, kisha akamweka kitini akamfundisha mbili zilizobaki.

Jaffar alipita na kupita kwa muda, kila siku akilifuta pazia kwa bega, haingii. Asubuhi moja Mwanaima alikuwa anaandika maswali ya mtihani mpya aliposikia mtu amesimama nje.

"Hodi."

Aliendelea kuandika. Alitaka kumaliza mstari.

"Hodi humo ndani."

Alimaliza mstari, akausoma: sita, si saba.

"Hodi!"

"Nani?"

Mkubwa wa nyumba hakuwa amepata kuulizwa jina lake ndani ya nyumba ya babake.

"Mimi. Jaffar."

Mwanaima akabonyeza vitufe vitatu, akaifunga kazi yake, kioo kikabaki kitupu.

"Karibu, shemeji."